Kabla hujamwandikisha mtoto karate, judo au taekwondo, kaa pembeni utazame kipindi kizima

Mleta mada

Habari zenu wakuu. Uzi huu nimekuwa nikiuahirisha, lakini wiki hii wazazi wawili wameniuliza swali lile lile: mtoto ana miaka 5, nimpeleke karate au judo? Nimeona bora niandike mara moja kwa kirefu, na wenye uzoefu mnisahihishe na kuongezea.

Nianze na kosa langu. Binti yangu alipofika miaka 6 alishikilia kwamba anataka kujifunza kupiga mateke. Nikatafuta darasa la karibu. Nilipoingia nikaona vikombe vimepangwa ukuta mzima, mwalimu ana mkanda mweusi wenye mistari mingi, nikalipa miezi 6 papo hapo. Sikukaa kutazama hata dakika 10.

Mwezi wa pili akaanza kuumwa tumbo kila siku ya mazoezi. Siku nyingine mzima kabisa. Nikadhani ni uvivu, nikambembeleza, siku nyingine nikamlazimisha. Hadi nilipofika mapema siku moja kumchukua, nikakuta amepangwa na mvulana aliyemzidi kichwa kizima. Akapigwa teke la tumbo, akalia. Mwalimu akamwamuru apige pushapu 10 huku analia, na wenzake wakaambiwa wamhesabie. Wakahesabu kwa sauti, wengine wanacheka. Usiku ule natandika kitanda, nikaukuta mkanda wake ameusukumia chini ya godoro hadi ukutani.

Hakuvunjika mfupa. Ila ulipita karibu mwaka mzima ndipo akakubali kukanyaga tena mkeka, na lawama hiyo naibeba mimi niliyechagua kwa kuangalia vikombe.

Mara ya pili nilizunguka madarasa manne bila mtoto. Naomba ruhusa, nakaa pembeni, natazama mwanzo hadi mwisho. Darasa la tatu ndilo tulilobaki nalo, na naomba niwaeleze kilichoniamulia.

Watoto walikuwa wameshakaa mstarini, kipindi kinataka kuanza, mmoja wa kama miaka 5 mkanda ukamfunguka. Mwalimu, mama wa makamo, akapiga goti mbele yake. Hakumfungia. Alimshikisha ncha mbili, akamwonyesha kwa vidole vyake: hii juu ya hii, ipitishe chini ya zote, sasa vuta. Fundo likafunguka. Akarudia. Likafunguka tena. Wenzake 12 wamekaa wamekunja miguu wanasubiri, na hakuna aliyeguna, maana bila shaka kila mmoja alishawahi kusubiriwa hivyo. Nilihesabu: fundo lilishika mara ya tano. Mwalimu akasimama, wakainamiana kwa heshima yeye na yule mtoto, kipindi kikaanza.

Nilimwandikisha binti yangu jioni ile ile. Lilikuwa darasa la judo. Lingekuwa la karate ningemwandikisha vilevile.

Ndiyo hoja yangu nzima, wakuu. Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 9, jina la mchezo lije baadaye. Kwanza mtazame mwalimu, na ukitaka kumjua upesi usiangalie anavyomsifu bingwa wa darasa. Mtafute kwa macho yule mtoto aliye nyuma ya wote, anayekosea au kuogopa au kulia, halafu uone mwalimu anamfanyaje.

Karibuni tujadili.

Mama Pacha

Asante sana kwa uzi huu. Roho imeniuma kwa huo mkanda chini ya godoro. Mimi wanangu wana miaka 3 na nusu. Kuna darasa linasema linapokea kuanzia miaka 3. Si mapema mno? Na utueleze basi tofauti ya michezo yenyewe, maana wengine tunaona wote wamevaa nguo nyeupe tu.

Mleta mada

Mama Pacha, miaka 3 si mapema kama kinachofundishwa ni mchezo wa kitoto: kuviringika, kutambaa, kusimama kwa mguu mmoja, kusikia neno "acha" na kuacha kweli. Dakika 30 zinawatosha. Ukikuta watoto wa umri huo wanasimamishwa mstarini saa nzima, au wanapambanishwa, ondoka nao. Kuanzia miaka 6 au 7 wengi wanaweza kufuata maelekezo mawili matatu kwa mpigo na kufanya kazi wawili wawili bila kuumizana.

Kuhusu tofauti, nitasema ninachokijua.

Judo ilianzishwa Japani na Kano Jigoro mwaka 1882. Alichukua mbinu za jujutsu za zamani, akaziweka kando zile za hatari, ili watu waweze kushindana kwa nguvu zote na kesho warudi wazima. Hakuna ngumi wala teke. Ni kushikana nguo, kubwagana, na kumbana mwenzio chini. Kwa mtoto faida yake kubwa ni wiki za kwanza: anafundishwa kuanguka. Kidevu kifuani, mgongo uwe duara, mkono upige mkeka. Binti yangu aliyafanya hayo wiki tatu bila kumgusa mtu, na ndiyo yaliyomrudishia moyo, kwa sababu aligundua kwamba kuanguka ni kitu unachoweza kukifanya vizuri.

Karate asili yake ni Okinawa. Ni ngumi, mateke, kukinga, na kata, yaani mfululizo wa miondoko ambao mtoto anaukariri na kuucheza peke yake. Mtoto anayependa utaratibu, au asiyependa kuguswaguswa, mara nyingi anaipenda kata kuliko kitu kingine. Ila uliza ni mtindo gani. Shotokan hufundisha kuizuia ngumi kabla haijamfikia mwenzio. Kyokushin hupigana kwa kugusana kweli mwilini. Zote ni karate, lakini kwa mtoto wa miaka 6 si kitu kimoja hata kidogo.

Taekwondo ni ya Korea, na utamu wake uko kwenye mateke, hasa ya juu. Mtoto mwenye miguu isiyotulia atafurahi. Jujutsu ya Brazili inachezwa zaidi chini, ni kama mieleka yenye akili ya drafti, ila ndani yake kuna kabali na kukunja viungo, hivyo uliza watoto wanaruhusiwa nini. Aikido, ya Japani, ni ya kumgeuza na kumwangusha anayekushambulia, na kwa sehemu kubwa haina mashindano. Capoeira ya Brazili ina ngoma na nyimbo, wapo watoto waliokataa mikeka yote wakaipenda hiyo.

Ngumi za ulingoni simshauri mtu kwa mtoto mdogo. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani na kile cha Kanada walitoa tamko la pamoja kupinga ngumi kwa watoto na vijana, kwa sababu ni mchezo ambao kumpiga mtu kichwani ndiyo shabaha yake.

Na kwa anayeota Olimpiki: judo iliingia Tokyo 1964, taekwondo inatoa medali rasmi tangu Sydney 2000, karate ilichezwa Tokyo mwaka 2021 na Paris 2024 haikuwamo. Mtoto wa miaka 5 usimpangie hayo. Mwenyewe ataonyesha.

Baba Tatu

Mleta mada, nakuheshimu, lakini naona tunalea watoto wa mayai. Mimi nilifundishwa na mwalimu mkali, tulipigwa, tulipiga pushapu, na ndiyo iliyonifanya niwe mtu. Dunia haitampigia mtoto wako goti imfunze kufunga mkanda. Ukimwondoa kila anapolia atajifunza kukimbia.

Mleta mada

Baba Tatu, nimeisoma hoja yako mara mbili, na kuna sehemu nakubaliana nawe. Ugumu nautaka. Darasa tulilopo sasa ni gumu kuliko lile la kwanza. Binti yangu anabwagwa mara 20 kwa kipindi, anasimama, anarudi kushika. Siku akitaka kukaa kwa sababu amechoka, mwalimu hamkubalii upesi.

Lakini mtazame tena yule mtoto wa mkanda. Kufunga fundo mara tano mbele ya macho 12 ni jambo gumu sana kwa mtoto wa miaka 5. Angefungiwa angepona aibu. Angechekwa asingejaribu mara ya pili. Mwalimu aliuacha ugumu wote pale pale, akaondoa kejeli tu. Binti yangu kwa yule wa kwanza hakufundishwa kuvumilia teke. Alifundishwa kwamba ukiumia, wenzako wote watasimama upande mwingine. Mimi sioni hilo linamsaidia wapi ukubwani.

Mikeka

Nakazia. Nafundisha judo kwa watoto, huu mwaka wa 18. Nitaongea kama mwalimu, na baadhi ya wenzangu wataudhika.

Kwanza, msidhani judo ni salama kwa kuwa haina ngumi. Japani kwenyewe, wanafunzi zaidi ya 100 walifariki katika judo ya shule tangu mwaka 1983, wengi kwa kuumia kichwa, na wengi wao ndio kwanza walikuwa wameanza. Mbinu iliyotajwa mno ni osoto-gari, ile ya kumfyeka mwenzio mguu kwa nyuma akaanguka chali. Mtoto asiyejua kuficha kidevu, kisogo kinatangulia. Ndiyo maana kwangu mgeni habwagwi mpaka nimwone anaanguka vizuri akiwa amechoka. Nasisitiza akiwa amechoka, sababu akiwa na nguvu wote wanaanguka vizuri.

Pili, mashindano. Mwaka 2022 shirikisho la judo la Japani lilifuta mashindano ya kitaifa ya mtu mmoja mmoja kwa watoto wa shule za msingi. Hao ndio wenye mchezo! Walisema tamaa ya ushindi imepita kiasi: watoto wanapunguzwa uzito, wazazi na makocha wanawafokea waamuzi. Mwalimu akikwambia mtoto wa miaka 8 apunguze kula ili aingie uzito wa chini, mshike mtoto wako mkono mwende nyumbani.

Tatu, swali la kumuuliza mwalimu yeyote wa mchezo wowote: mtoto akigonga kichwa, unafanya nini? Jibu ninalolitaka ni fupi. Anatoka, harudi mkekani siku hiyo hata akisema yuko sawa, mzazi anaambiwa, na akitapika, akisinzia, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma anakwenda hospitali. Akianza kukwambia "hapa hawaumii", hajafundisha muda mrefu au hasemi kweli. Na kofia laini za kujikinga zisikudanganye. Zinasaidia mikwaruzo na michubuko, lakini ubongo bado unatikisika ndani ya fuvu.

La nne limenitoka kwenye moyo. Mikono ya watoto. Mifupa ya mtoto bado inakua, na pale inapokulia, karibu na viungo, ni laini. Ukiona watoto wadogo wanagonga ngumi kwenye ubao mgumu au ukutani "wakomaze mikono", huo si ukomavu, ni ujinga wa mwalimu.

Mama Pacha

Mikeka, nimeogopa na nimeshukuru kwa pamoja. Swali hilo la kichwa nimeliandika pembeni.

Ngazi ya Nne

Mimi nina la mikanda. Mwanangu yupo darasani mwezi wa 10, ameshapandishwa mara tano na kila mara kuna ada ya mtihani. Mwalimu ameniahidi nikisaini mkataba wa miaka mitatu mwanangu atatoka na mkanda mweusi. Ana miaka 7. Hii ni kawaida?

Mikeka

Ngazi ya Nne, mtihani kuwa na ada si kosa. Kosa ni mkanda kuahidiwa kabla ya kazi. Tazama michezo yenyewe inavyojizuia: katika taekwondo mtoto chini ya miaka 15 akifikia kiwango hicho anapewa poom, mkanda wa nyekundu na nyeusi, anasubiri umri. Katika jujutsu ya Brazili watoto wana rangi zao: nyeupe, kijivu, njano, chungwa, kijani. Ule wa bluu hauvai hadi ufike miaka 16, uwe hodari namna gani. Mkanda mweusi kwa mtoto wa miaka 10 kwa mkataba, hapo unauziwa rangi tu.

Kwa mtoto mkanda mpya ni furaha kubwa na sipingi furaha hiyo. Ila muulize mwanao nyumbani: "Nionyeshe ulichojifunza ndipo ukapewa huu." Akiweza kukuonyesha na kukueleza, mwalimu anafanya kazi. Akikwambia tu rangi inayofuata, umeshapata jibu.

Mkataba mrefu usisaini kabla mtoto hajamaliza angalau mwezi. Uliza kuhusu gi (zile nguo za mazoezi), vifaa, bima, uanachama na mashindano siku ya kwanza, vyote viandikwe.

Mlezi

Naomba niseme jambo ambalo huwa tunaona haya kulisema. Michezo hii ni ya kushikana. Mwalimu atamgusa mtoto wako, atamrekebisha kiuno, atamlalia kumwonyesha namna ya kubana. Kwa hiyo macho ya watu wengine ni sehemu ya usalama. Mzazi aruhusiwe kutazama siku yoyote bila taarifa. Mtu mzima asibaki na mtoto mmoja faragha, iwe chumba cha kubadilishia nguo, iwe gari, iwe "mazoezi ya ziada". Ujumbe wa simu upite kwa mzazi. Darasa lenye pazia limefungwa kwa kisingizio cha nidhamu, mimi simwingizi mtoto.

Na mfundishe mtoto kwamba ile ishara ya kupiga mkeka mara mbili kusema "basi" ni haki yake. Mchunguze mwalimu kama anaiheshimu hata inapotoka kwa mtoto mdogo kabisa. Mtoto aliyezoea kwamba akisema basi watu wanaacha, siku mtu asipoacha atajua kuna kitu hakiko sawa na atakuja kukwambia.

Mleta mada

Mlezi, hili nilitakiwa kuliweka kwenye andiko la kwanza. Asante sana.

Muuguzi wa Zamu

Mawili matatu ya afya. Kama mtoto ana pumu, kifafa, tatizo la moyo au la damu kutoganda, pita kwa daktari kwanza, kisha mwalimu ajue na dawa iwepo pale pale. Watoto wenye hali ya Down wengine pingili za juu za shingo huwa legevu, kwa hiyo kubiringika kwa kichwa na kubanwa shingo visianze kabla daktari hajasema.

Ngozi pia. Choa husambaa haraka kwenye mikeka. Kucha fupi, miguu ioshwe, gi ifuliwe kila baada ya mazoezi, na mwenye kidonda akae nje hadi kipone. Ukiingia darasani vuta pumzi tu. Mikeka isiyosafishwa inajitambulisha yenyewe.

Baba wa Mmoja

Mimi mwanangu wa miaka 8 anaonewa shuleni. Nataka mchezo utakaomfanya awapige hao watoto wamwache. Upi unafaa haraka?

Mikeka

Pole ndugu yangu, najua inavyochoma. Wa haraka haupo. Miezi mitatu ya karate haimwokoi mtoto mmoja mbele ya watatu, na akiwa na tumaini hilo akapigwa tena, atavunjika zaidi. Shuleni nenda wewe, leo, kwa mwalimu wake na kwa mkuu wa shule. Usimtume mtoto akatatue peke yake jambo la watu wazima.

Darasa mpeleke pia, kwa sababu nyingine. Atasimama wima, atazoea kutoa sauti, atajua mtu akimkaribia kiasi gani ni hatari. Na atapata marafiki nje ya shule ile, hilo hupunguza mzigo wa moyo kuliko teke lolote. Kwa hali yake mimi ningeanza na mchezo wa kushikana, maana mtoto anayejua kumshika mwenzake na kumtuliza chini ana njia ya kujitetea isiyoacha damu wala meno. Mwambie mwalimu mapema ukweli wote. Mwalimu mzuri hatampanga na mtoto mbabe wiki za kwanza.

Baba Tatu

Nimerudi. Nimefikiria lile jibu la mkanda. Mwalimu wangu wa zamani alikuwa mkali lakini kweli hakuruhusu mtu amcheke mwenzake, alikuwa anasimamisha darasa zima. Nilikuwa nimelisahau hilo, nikakumbuka fimbo tu. Endeleeni.

Mama Pacha

Wakuu, nimerudi na taarifa. Nimetazama madarasa mawili.

La kwanza jengo zuri, vioo, kila kitu kipya. Mwalimu alikuwa na simu mkononi zaidi ya nusu ya kipindi, aliyefundisha ni kijana wa kama miaka 13. Nilipouliza swali la kichwa, akacheka, akaniambia watoto wana vichwa vigumu.

La pili ni chumba kidogo, taekwondo, watoto 9 na walimu wawili. Kulikuwa na mtoto aliyekataa kukanyaga mkeka. Alisimama ukingoni ameshika mlango. Mwalimu mmoja akampelekea ile pedi ya kupigia mateke, akamwambia "nishikie, ikihitajika nitakuita." Hakumvuta, hakumsemesha tena. Kila baada ya muda anamwita, mtoto anainyoosha pedi kutoka pale ukingoni, mwenzake anakuja kupiga teke, anarudi. Kipindi kilipofika mwisho yule mtoto alikuwa ameweka mguu mmoja ndani ya mkeka. Mmoja tu, mwingine bado uko sakafuni. Mwalimu wakati wa kuagana akainama mbele yake kama alivyowainamia wengine.

Swali la kichwa alilijibu karibu neno kwa neno kama Mikeka. Ila ni taekwondo, nami moyoni nilishaamua judo baada ya kusoma hapa. Mnanishauri nini?

Mleta mada

Wapeleke hapo hapo, Mama Pacha.

Mama Pacha

Nimelipia mwezi mmoja. Tunaanza Alhamisi.